Mkono Dirishani

Ilianza taa. Moja tu, nyeupe, imekaa juu ya nyasi upande wa kusini-magharibi. Ilikuwa saa mbili na dakika chache asubuhi. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, sare ya kazi bado iko mwilini chini ya koti, na upepo wa Kansas unanipenya mpaka kwenye kucha. Nikawa nasubiri taa ile igawanyike.

Anayepiga picha treni za mizigo kwenye nyika ya wazi huishi kwa taa hizo. Kichwa cha treni cha Marekani kina taa ya juu na nyingine mbili chini, karibu na reli, na zote tatu hufanya pembetatu. Kwa mbali huonekana kitu kimoja, nukta isiyosogea. Unaweza kuikodolea macho dakika nzima ukadhani treni imesimama. Halafu nukta inaanza kucheza, inapanuka, na mara unaona tatu. Hapo huna muda tena. Treni za makontena kwenye njia hii huruhusiwa kwenda hadi maili 70 kwa saa, yaani kama kilomita 112, na ukishaiona pembetatu umebakiwa na dakika moja hivi ya kukaza miguu na kuacha kuwaza jambo jingine.

Ikaja. Vichwa vitatu vya rangi ya chungwa, nyuma yake makontena yamepandana mawili mawili, safari ya Chicago. Jua lilikuwa limechomoza muda si mrefu, likaipiga treni ubavu wa kulia. Nyasi za Oktoba, nyekundu kama kutu, zote zimelalia upande mmoja. Nikabonyeza, nikaendelea kubonyeza. Fremu kumi na nne, kisha kichwa cha kwanza kikanipita na kishindo chake kikanigonga kifuani.

Fremu ya tisa ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Jioni nilipoamka nikamtumia Baba.

Ulimrudishia?

Baba alifanya kazi ya reli Malampaka, kwenye njia ya Tabora kwenda Mwanza. Hakuwa dereva wala gadi. Alikuwa kwenye kikosi cha kutengeneza njia: kubadilisha mataruma, kukaza bolti, kushindilia kokoto, kufyeka nyasi pembeni ya reli. Sasa amestaafu, macho yamepungua nguvu, na picha ninazomtumia hukuzwa na mjukuu wake, binti wa dada yangu, ambaye humshikia simu.

Alijibu kwa ujumbe wa sauti. Nyuma yake nasikia kuku na mlango wa bati.

"Marahaba, mwanangu. Picha nimeiona. Njia ni safi, kokoto zimejaa mpaka mabegani. Na ziko mbili sambamba! Basi huko hakuna kulala stesheni mkisubiri kupishana. Sasa huyu dereva kanyoosha mkono dirishani. Anakupungia wewe. Ulimrudishia?"

Mimi sikuwa nimeona mkono wowote.

Nikafungua kompyuta, nikaikuza picha mpaka ikaanza kuvunjika. Dirisha la kulia, upande anaokaa dereva, kioo kiko wazi. Kiwiko kimetoka nje. Kiganja kimefunguka, vidole vitano vimeachana, jua limevipiga kiasi kwamba kile cha mwisho kinakaribia kuwa cheupe kabisa. Nyuma yake kuna kivuli cha kofia.

Nikarudi kwenye fremu zilizotangulia. Ya saba, dirisha tupu. Ya nane, mkono unapanda. Ya tisa uko juu. Ya kumi uko juu. Ya kumi na moja bado uko juu. Ya kumi na mbili umeshuka kidogo, kama mtu anayejiuliza. Ya kumi na tatu haupo.

Nikamwandikia Baba: Hapana, sikumwona.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Neno moja: "Haya."

Hilo "haya" nimekaa nalo wiki saba.

Nchi iliyokataa jembe

Niseme kidogo nilikosimama, maana bila mahali penyewe mkono ule hauna uzito.

Sehemu kubwa ya Kansas imelimwa. Ngano, mahindi, mtama, mashamba yaliyopimwa kwa rula. Lakini kuna ukanda wa vilima mashariki mwa jimbo unaoitwa Flint Hills, vilima vya gumegume, na jina limesema kila kitu. Udongo wake ni mwembamba, chini yake kuna chokaa iliyojaa mawe ya gumegume, na walowezi walipoleta plau karne ya 19 plau ziligonga mwamba. Wakaacha nyasi zibaki nyasi. Prairi, yaani nyika hii ya nyasi ndefu, iliwahi kufunika sehemu kubwa ya katikati ya Amerika Kaskazini. Leo imebaki chini ya asilimia 4 yake, na kipande kikubwa kuliko vyote ni hiki hapa. Waliookoa nyika hii ni mawe. Watu wa Kaw, au Kansa, ambao jimbo limechukua jina lao, hawakuokolewa: mwaka 1873 walihamishwa wakapelekwa eneo ambalo sasa ni Oklahoma.

Nyasi kuu inaitwa bluestem. Kufikia Septemba yaweza kumzidi mtu kimo. Kila masika, Machi na Aprili, wafugaji huzichoma ili zichipue upya na miti isivamie, na desturi hiyo waliikuta kwa wenyeji wa asili. Usiku wa Aprili mmoja niliona mstari wa moto ukitambaa kilimani na treni ikipita chini yake, madirisha mekundu. Nilipiga picha zaidi ya mia usiku ule. Zote zilitikisika.

Katikati ya nchi hiyo inapita njia kuu ya kampuni ya reli ya BNSF kati ya Chicago na Los Angeles. Makumi ya treni kila siku. Kutoka Wichita ninakoishi hadi Cassoday ni kama saa moja kwa gari, na kutoka Cassoday hadi Matfield Green barabara ya 177 huandamana na reli. Zamani treni zilileta hapa ng'ombe kutoka Texas, wakanenepa kwa bluestem msimu mzima, kisha zikawachukua tena kuwapeleka kwenye masoko ya nyama. Kwetu nako ng'ombe wa Usukuma walipakiwa kwenye mabehewa kwenda mnada wa Pugu. Baba aliwahi kuniambia kwamba behewa la ng'ombe hulisikia kwa pua kabla ya masikio. Nilipomweleza habari za ng'ombe wa Texas alifurahi kuliko nilipomwonyesha picha yoyote.

Nyika hii ilinishika siku ya kwanza kwa sababu inafanana na mbuga. Si majani yake, hata baridi yake haifanani. Ni ule upana. Mtu aliyekulia Malampaka anajua maana ya kuona mvua ikinyesha mahali ambapo hutafika leo.

Picha zisizo na mtu

Ugumu wa kupiga picha treni kwenye nyika ni kwamba jicho halina pa kushika. Milimani una daraja, una handaki, una kona. Hapa kuna mstari wa nyasi na mstari wa mbingu, na treni inakuja kuwa mstari wa tatu.

Mwaka wa kwanza nilisogea karibu mno. Treni ikajaza picha, nyika ikapotea, na ungedhani nimepigia yadi ya mjini. Mwaka wa pili nikarudi nyuma mno. Treni yenye urefu wa kilomita mbili na zaidi ikawa uzi ulioanguka kwenye zulia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba tatizo si umbali peke yake. Nyika ya Flint Hills haiko bapa; inapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Ukipata mahali reli inazama nyuma ya kilima kisha inaibuka, treni inaonekana vipande vipande, na hapo ndipo jicho linapopata hisia ya urefu wake. Lenzi ndefu, ya milimita 400, inavivuta vile vilima vya nyuma vikasimama mgongoni mwa treni. Na jua lazima liwe chini. Adhuhuri nyasi hazina kivuli, na nyasi zisizo na kivuli ni rangi tu iliyopakwa.

Basi nikajifunza. Picha zikawa nzuri. Nilizionyesha kwa marafiki, na neno lililorudi kila mara lilikuwa upweke. "Unaonyesha upweke." "Hizi picha zina upweke wa ajabu."

Nililipenda neno hilo. Lilikuwa neno langu. Nina miaka minne sijafika nyumbani, nafanya kazi wakati wengine wamelala, nalala wakati jua linawaka. Nikawa natoka na kamera kwenda kuutafuta upweke wangu mahali unapoonekana kwa macho, na kila fremu nilihakikisha haina mtu, haina gari, haina nyumba. Nilijivunia hilo. Nilikuwa nangoja lori lipite barabarani liondoke kabisa ndipo nibonyeze.

Kumbe katikati ya picha ya upweke wangu kulikuwa na mtu ananisalimia.

Kidole kwenye usukani

Mashaka yalikuja ya namna nyingi, na la kwanza lilikuwa la kujitetea.

Labda hakuwa ananisalimia. Labda alikuwa ananionya. Madereva wa treni hubeba mambo mazito. Treni ya mzigo ikishashika mwendo huhitaji zaidi ya kilomita moja na nusu kusimama, kwa hiyo dereva anayeona mtu karibu na reli hana la kufanya ila kupiga honi na kuomba. Mimi nilikuwa kwenye barabara ya umma, mbali na reli, mahali panaporuhusiwa. Lakini yeye angejuaje nina akili timamu?

Nilimuuliza mzee mmoja ambaye hukutana naye huko mara kwa mara, mpiga picha wa treni tangu ujana wake, mwenye kiti cha kukunja na chupa ya kahawa. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema dereva anayekuonya hatumii mkono, anatumia honi, na hatoi kiganja kilichofunguka. Kisha akaniuliza kwa upole: ina maana miaka yote hii huwa huwapungii?

Nilinyamaza. Nilitamani kumwambia kwamba mimi ni mtu wa salamu. Kwenye barabara za changarawe za huku, gari likikutana na gari, dereva huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani bila kuachia mkono. Ndiyo salamu yao. Hakuna aliyenifundisha, wiki ya pili tu nilishaanza kuirudisha, na wakati mwingine mimi ndiye naanza. Wafugaji waliozoea gari langu sasa huinua vidole viwili. Kazini siwezi kupita mlango wa mzee bila kumuuliza ameamkaje. Mama alinilea hivyo: salamu hairukwi.

Tofauti ni kwamba kwenye usukani sishiki kamera.

Mikono kumi na moja

Jumapili moja ya Novemba nilikaa na diski yangu ya picha. Miaka minne, picha elfu tatu na ushee. Nikaamua kuzipitia zote, kichwa kwa kichwa, dirisha kwa dirisha.

Nyingi hazionyeshi kitu. Kioo kimeakisi anga, au treni iko mbali mno. Lakini nilipofika usiku nilikuwa nimepata mikono kumi na moja.

Mmoja umeshika kikombe, kikombe chenyewe ndicho kinachoinuliwa. Mmoja ni wa mwanamke, nywele zimefungwa nyuma, na anatabasamu wazi kabisa. Picha hiyo niliipiga Julai mwaka juzi, niliichapa, imekaa ukutani sebuleni kwangu mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa nakula chakula changu chini yake. Katika picha nyingine mikono ni miwili, dereva kulia na kondakta kushoto, wote wawili wameinua kwa pamoja.

Hiyo ilinikalisha kimya muda mrefu. Treni hizi huendeshwa na watu wawili. Dereva na kondakta, wote wako mbele, basi. Nyuma yao kilomita mbili za chuma bila mtu. Hata kile kichwa kinachosukuma mkiani kinaongozwa kwa redio kutoka mbele, ndani yake hamna mtu. Kwa hiyo treni nzima ile, pamoja na viatu, televisheni, matairi na nguo za nusu ya mji, ina mikono minne tu. Na katika picha ile, miwili kati ya hiyo minne imeinuka kunisalimia.

Nikawaza utoto. Sisi watoto wa Malampaka treni ya abiria tuliikimbilia kwa sababu ya chupa. Tulipiga kelele, abiria wakatupa chupa tupu za maji, tukagombania. Treni ya mizigo haikuwa na chupa. Lakini tuliikimbilia vilevile, kwa ajili ya gadi. Yeye alikaa kwenye behewa la mwisho, na ukishahesabu mabehewa yote yanapita, zawadi yako ilikuwa yeye: amesimama mlangoni, bendera ya kijani mkononi, anakuinulia. Asipoinua tulirudi nyumbani tumenuna. Tulisema leo gadi ana roho mbaya.

Sasa mimi ndiye gadi asiyeinua mkono.

Aliyepanda ndani

Katika wiki hizo nilirudi kwenye picha za Jack Delano. Wapenda treni wa huku wanamjua. Mimi nilikuwa nimemtazama juujuu. Alizaliwa Ukraine mwaka 1914, akaletwa Marekani na wazazi wake mwaka 1923. Mhamiaji, kama mimi. Wakati wa vita, Machi 1943, akiwa mpiga picha wa serikali, alisafiri kwa treni za mizigo za Santa Fe kutoka Chicago hadi California. Alipita Emporia, alipita Wellington. Mimi nasimama kati ya miji hiyo miwili. Reli ni ileile. Santa Fe iliungana na Burlington Northern mwaka 1995, ndiyo hiyo BNSF ya sasa.

Picha zake ziko Maktaba ya Bunge la Marekani, na yeyote anaweza kuzitazama bure. Tofauti yake na mimi huhitaji kuitafuta. Delano hakusimama nyikani akaisubiri treni. Alipanda. Alikaa kwenye behewa la gadi, siku hizo lilikuwapo, akapiga watu waliomo. Picha moja ya rangi inaonyesha kondakta na dereva kwenye yadi ya Corwith, Chicago, wamesimama wakilinganisha saa zao kabla ya safari. Vichwa vimeinama, vidole vimeshika saa, nguo zina mafuta. Na chini ya picha majina yao yapo, yote mawili.

Nyika anayo pia. Lakini mara nyingi nyika yake ni ile anayoiona mfanyakazi akiinua macho.

Siwezi kupanda kama yeye. Treni hizi haziruhusu abiria, na sheria hiyo ni ya haki. Wala sitaki kuziita picha zangu uongo, kwa sababu nyika ni kubwa kweli na treni ndani yake ni ndogo kweli. Ila nilianza kuona kwamba reli hizi nilizokuwa nazitazama kama mchoro ziliwekwa na kutunzwa na watu waliofanya kazi ya Baba. Kansas kwa miongo mingi watu hao walikuwa vibarua kutoka Mexico, wakiishi na familia zao kwenye nyumba za kampuni kando ya njia. Kuna watoto waliokulia pembeni ya reli hii wakihesabu mabehewa. Ningeweza kuwa mmoja wao bila kubadilisha kitu ila lugha.

Kujaribu kuikata

Nilijaribu kuirekebisha fremu ya tisa. Niliikata ili mkono uonekane: nikatoa anga, nikatoa nyasi, nikabaki na dirisha. Haikufaa. Mkono ukawa doa la rangi, wa mtu yeyote, mahali popote. Nikaikata kidogo tu, nusu ya nyika ikabaki. Hiyo ikawa mbaya zaidi, haina nyika wala haina mtu.

Nikairudisha ilivyokuwa.

Mkono ule unataka nyika yote. Unataka uone kwanza kwamba hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna mtu mwingine hadi mwisho wa macho, ndipo uelewe kwa nini dereva alihangaika kufungua kioo katika baridi ile. Aliona kitu kimoja kilichosimama wima kwenye maili zote zile, akatambua ni mtu, akainua mkono. Akauacha juu fremu tatu nzima.

Niliichapa kubwa, karibu upana wa meza. Ukisimama mbali ni treni na nyasi. Wageni wangu wawili waliitazama wakasema lile neno la upweke. Wa tatu, mama mmoja Mkongo tunayefanya naye kazi, aliisogelea hadi pua ikakaribia kugusa karatasi. Akasema, "Huyu anasalimia nani?"

Nikamwambia ni mimi.

Kivukoni

Nilirudi mapema Desemba, siku ya mapumziko, saa kumi jioni. Wekundu umeshatoka kwenye nyasi, zimebaki rangi ya makuti makavu. Nilisimama palepale. Kamera nilikuwa nayo shingoni, nimeizima.

Kwanza nikasikia honi, mbali, upande wa Matfield Green. Kila treni ikikaribia barabara hapa hupiga hivyo: ndefu mbili, fupi, ndefu. Kwenye uwazi ule sauti inafika, inapotea, inafika tena na upepo. Taa moja. Kisha tatu.

Ilikuwa inaelekea California, na jua lilikuwa limeshuka chini mbele yake. Kioo cha kichwa kikawaka chote, moto mtupu, huwezi kuona ndani. Nikainua mkono. Nikauacha juu. Nilijihisi mtu mzima aliyesimama porini na mkono hewani, na sikuushusha. Honi ikapigwa kwa ajili ya kivuko, ndefu mbili, fupi, ndefu, kama sheria inavyotaka. Kioo kikapita kikiwaka.

Sikuona kitu.

Nikatoa simu nikarekodi treni inavyopita, yote, mpaka kile kichwa cha mkiani kisicho na mtu, mpaka zikabaki nyasi peke yake. Kontena moja la bluu la Maersk, kama yale niliyokuwa nikiyaona bandari kavu ya Isaka. Nikamtumia Baba sauti hiyo, nikamweleza nimeinua mkono ila kioo kilikuwa kinawaka, sijui kama kuna aliyejibu.

Safari hii hakukaa siku mbili.

"Yeye amekuona," alisema. "Jua lilikuwa usoni kwako. Sasa niambie, mbona maungio ya reli hayasikiki? Treni inapita hailii ta-ta, ta-ta."

Nikamwambia wamezichomelea, Baba. Reli ni kipande kimoja kwa mwendo mrefu sana.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia kuku. Kisha nikamsikia, simu imeshaondolewa mdomoni, akimwambia mjukuu amwekee ile sauti tena, kuanzia mwanzo.